Baghala wa Watkins, Moshi wa Yosemite

Nilipomwambia mpwa wangu kwamba katika California yote nilichotaka kukiona ni mahali aliposimamisha kamera yake mtu mmoja aliyekufa kipofu mwaka 1916, alinitazama kidogo kabla ya kujibu. Yeye anaishi Oakland, riziki yake inatoka kwenye kompyuta, na alikuwa ameshapanga kunipeleka daraja la Golden Gate, kisha Hollywood. "Mjomba, wewe na mambo yako ya studio," akasema. Lakini akaenda kujaza mafuta.

Mambo ya studio ni ya babu yake pia. Marehemu baba alikuwa na studio Korogwe, chumba cha mbele cha kupigia picha na kingine cha nyuma, chenye giza na harufu ya dawa, cha kusafishia. Ukutani alitundika pazia lililochorwa ziwa la buluu, misonobari na milima yenye theluji. Sikumbuki mteja aliyeuliza ile milima ni ya nchi gani. Kibarua wa mkonge alivishwa koti la studio, akakaa kitini mbele ya theluji, akapigwa, akaenda zake.

Kabla ya safari nilikuwa nimepata kuiona chapa moja ya Carleton Watkins katika jumba la makumbusho mjini San Francisco. Nilisogea karibu mpaka mlinzi akakohoa. Rangi yake ni ya kahawia inayoelekea zambarau, kwa kuwa karatasi za wakati ule zilipakwa ute wa yai na picha ikachapwa kwa mwanga wa jua. Kilichonishangaza ni unene wa habari zilizomo ndani yake: nyufa za mwamba ulio mbali unaweza kuzifuata kwa jicho, na msonobari ulio karibu unaweza kuuhesabia matawi. Siku zile hapakuwa na njia ya maana ya kuikuza picha. Ukubwa wa chapa ulikuwa ndio ukubwa wa kioo, na kioo kikubwa kilitaka kamera kubwa. Watkins, mzaliwa wa Oneonta katika jimbo la New York aliyefuata wimbi la dhahabu hadi California, akamwendea seremala na kutengenezewa kamera ya kubeba vioo vya sentimita 46 kwa 56. Mwaka 1861 akaipeleka bonde la Yosemite.

Msomaji aliyezoea simu anivumilie hapa, maana bila kuijua kazi yenyewe picha hizi hazieleweki. Filamu haikuwapo. Mpiga picha alichukua kioo kilichosuguliwa kikang'aa, akamimina juu yake kolodioni, uji mwepesi wa pamba iliyotiwa asidi kisha ikayeyushwa kwa etha na spiriti. Alikiinamisha kioo kona moja baada ya nyingine mpaka uji ukaenea sawasawa, na kazi hiyo haimtaki mwenye mkono unaotetemeka. Kisha, ndani ya hema la giza, alikizamisha katika maji ya naitreti ya fedha. Kikitoka hapo kioo kinashika mwanga, lakini kinaushika kikiwa kimelowa tu. Kikikauka, kazi imekufa. Basi kilitiwa kisandukuni, kikakimbizwa kwenye kamera, kikaoneshwa mlima, kikarudishwa hemani kusafishwa, yote hayo kabla uji haujakauka. Picha moja ilidai hema, chupa za dawa, ndoo za maji safi na mtu wa kusaidia, palepale mlimani penye vumbi.

Barabara ya magari ya farasi haikuingia bondeni mpaka mwaka 1874, kwa hiyo vitu vyote hivyo, pamoja na vioo vyenyewe, vilibebwa na baghala kwenye njia za mguu. Mzigo wa Watkins hutajwa kuwa karibu tani moja. Alirudi San Francisco na vioo 30 vikubwa na 100 vidogo vya picha pacha, zile za kutazamwa kwa chombo chenye lenzi mbili hadi mlima ujitokeze kana kwamba unaweza kuugusa. Zile kubwa zilikuwa za matajiri na maonyesho. Pacha ndizo zilizoingia sebuleni kwa watu wa kawaida, na nadhani ndizo zilizouza bonde.

Sisi tulipanda kwa barabara namba 41 kutoka Fresno, mwanzoni mwa Oktoba, masikio yakiziba kadiri gari lilivyozidi kupinda na kupanda. Tulisimama kwanza kwenye msitu wa Mariposa Grove, ambako magari huachwa chini na watu hupandishwa kwa basi. Hapa ndipo penye misekwoya, miti minene kiasi kwamba ukitaka kuipiga picha kwa simu utapata gome tu. Watkins aliyajua haya. Katika miaka ya 1860 alimsimamisha Galen Clark, mlinzi wa kwanza wa msitu huo, chini ya mti uitwao Grizzly Giant, na bila yule mtu mdogo mwenye bunduki pale kwenye shina, macho yasingekuwa na cha kupimia. Mti bado upo. Umri wake unakadiriwa kuwa kama miaka 3,000. Clark naye anastahili neno: alihamia milimani mwaka 1857 mapafu yakiwa yameharibika na madaktari wamemkatia tamaa, akaishi hadi 1910, zimebaki siku chache atimize miaka 96. Alijichimbia kaburi mwenyewe na kulipandia miti miaka mingi kabla ya kulihitaji.

Mwaka 1881 watu walitoboa mti mwingine katika msitu huu ili magari ya farasi yapite katikati yake. Hapakuwa na sababu ila picha. Vizazi vya watalii vilipigwa wakiwa ndani ya mti, kwanza juu ya farasi, baadaye ndani ya magari ya petroli, hadi mwaka 1969 uliposhindwa na uzito wa theluji ukaanguka.

Kutoka huko barabara inaingia katika handaki refu lililofunguliwa mwaka 1933. Ukitoka upande wa pili, bonde lote linakuja usoni kwa mara moja: El Capitan kushoto, maporomoko ya Bridalveil kulia, na nyuma kabisa kichwa cha Half Dome kilichokatwa upande mmoja. Kuna maegesho na ukuta mfupi wa mawe, na nyuma ya ukuta huo tulikuta watu wa kila lugha wamepanga mstari wakisubiri zamu. Nilisimama pale nikaona kitu ambacho sikukitarajia: bonde lilikuwa bapa kama pazia la studio ya baba. Watu waliligeuzia mgongo, wakatabasamu, wakapigwa, wakarudi garini. Nilimhesabia bwana mmoja kimoyomoyo. Hakulitazama bonde kwa macho yake hata mara moja, alilitazama kwenye kioo cha simu tu.

Simlaumu sana. Mahali pa kusimama palichaguliwa zamani. Watkins alisimama juu zaidi, kwenye njia ya kale ya baghala, na picha yake moja ya huko akaipa jina lisilo na haya, kwamba hapo ndipo penye mandhari bora ya jumla. Mhandisi wa barabara alifuata karibu hukohuko, na mpiga picha Ansel Adams akaja baadaye na mawingu yake ya dhoruba. Kinyume na wengi wanavyodhani, si uzuri wa mahali ulioleta picha na picha ikaleta sifa. Hapa biashara na picha zilipanda mlima pamoja tangu mwanzo.

James Mason Hutchings aliongoza kundi la kwanza la watalii mwaka 1855, akiwa na mchoraji, na mwaka uliofuata akaanzisha jarida la kuisifia California. Mwaka 1859 akarudi na Charles Leander Weed, aliyepiga picha za kwanza za bonde. Kisha Hutchings huyohuyo akanunua hoteli bondeni, ambayo vyumba vyake vilitenganishwa kwa vitambaa, kiasi kwamba mgeni aliweza kuusikia ugomvi wa ndoa wa vyumba vitatu. Na barua iliyoamua hatima ya bonde, ile ya Februari 1864 kwa seneta John Conness, iliandikwa na Israel Ward Raymond, wakala wa kampuni ya meli zilizoleta abiria California kwa njia ya Amerika ya Kati. Mwenye meli anahitaji watu wawe na pa kwenda. Raymond alituma barua pamoja na picha za bonde. Tarehe 30 Juni mwaka huo, Wamarekani wakiendelea kuuana katika vita vyao wenyewe, Rais Lincoln alitia saini sheria iliyolikabidhi bonde na msitu wa Mariposa kwa jimbo la California, viwe vya watu wote kwa mapumziko na burudani, visiuzwe milele. Wabunge wengi waliopiga kura hawakuwa wamefika hata California. Walichokuwa nacho ni maneno ya wengine, na picha.

Hadi mwaka huo, watalii wote waliokwisha kufika tangu 1855 walihesabiwa kuwa 653. Siku hizi hufika watu karibu milioni nne kwa mwaka, na mwaka 2016 walipita milioni tano. Tulipotaka kuegesha gari chini bondeni nililiamini jambo hilo bila kuonyeshwa takwimu.

Tuliposhuka, mpwa wangu aliuliza maporomoko yako wapi. Yosemite Falls yana urefu wa mita 739, ni miongoni mwa marefu kabisa duniani, na juu ya mwamba mbele yetu palikuwa na doa jeusi la unyevu tu. Yanategemea theluji inayoyeyuka. Oktoba theluji imekwisha. Mama mmoja karibu nasi alikuwa akimlalamikia mumewe kana kwamba yeye ndiye aliyefunga bomba. Watkins alikuwa na bahati, au tuseme akili, ya kujua miezi. Tena dawa yake ilimsaidia: kolodioni huona rangi ya buluu kupita kiasi, kwa hiyo anga ilitoka nyeupe tupu, na maji yanayoanguka, kwa kuwa kioo kilihitaji muda mrefu wa kupokea mwanga, yalitoka ukungu mtupu. Kilichotulia ndicho kilichoshikwa. Mtu aliyepita mbele ya kamera bila kusimama hakuacha hata kivuli.

Mirror Lake nalo lilikuwa mchanga. Picha za Watkins za hapo ni katika zile ninazozipenda zaidi, mlima umesimama wima na mwenzake amesimama kichwa chini majini, huwezi kujua upi ni upi. Kijito cha Tenaya kinaleta mchanga kila mwaka na ziwa linajaa. Zamani mchanga ulichotwa na kumwagwa kwenye barabara zenye barafu, mpaka desturi hiyo ikaachwa mwaka 1971. Tulitembea katikati ya ziwa kwa viatu vikavu. Mlima ulio juu yake unaitwa Mount Watkins, heshima aliyopewa akiwa hai, na pengine malipo makubwa kuliko yote aliyopata. Maana katikati ya miaka ya 1870 alifilisika, studio yake na vioo vyake vikaangukia mikononi mwa wadai, na mshindani wake Isaiah Taber akawa anazichapa picha zile na kuziuza kwa jina lake mwenyewe. Watkins akabeba tena kamera, akarudi bondeni kuzipiga upya. Tetemeko na moto wa San Francisco wa Aprili 1906 vikateketeza alichokuwa nacho, wakati ambapo macho yalikuwa yameshamwishia. Alifia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Napa mnamo Juni 1916, miezi miwili kabla ya Marekani kuunda idara yake ya hifadhi za taifa.

Nilikaa kwenye jiwe katikati ya ziwa kavu nikimsimulia mpwa wangu haya. Akanyamaza, kisha akauliza swali ambalo kwa kweli ndilo lililonileta: "Sasa Mjomba, katika picha zote hizo, wenyeji wako wapi?"

Nyuma ya makumbusho ya bondeni kuna nyumba za magome ya miti zilizojengwa kuonyesha kijiji kilivyokuwa, na karibu nazo mwamba wenye mashimo ya mviringo yaliyolainika. Ni vinu. Wanawake wa kabila la Ahwahneechee walitwangia hapo njugu za mwaloni mweusi, wakauosha unga kwa maji tena na tena mpaka uchungu utoke, wakapika uji. Mialoni yenyewe bado ipo, na Oktoba njugu zilikuwa zimetapakaa chini. Tulizikanyaga njia nzima.

Machi 1851, miaka kumi kabla ya kamera ya Watkins, kikosi cha wanamgambo kilichoitwa Mariposa Battalion kiliingia bondeni kuwafurusha watu hawa ili wachimba dhahabu wapate nafasi. Kilichoma nyumba, kikachoma na maghala ya njugu, kwa kujua kwamba mtu asiye na chakula cha majira ya baridi hana pa kwenda ila kushuka. Mwana wa chifu Tenaya aliuawa. Mmoja wa wanakikosi, Lafayette Bunnell, ambaye pia alivutwa sana na uzuri wa mahali, alimweleza chifu kwamba ziwa moja la juu litaitwa Tenaya kwa heshima yake. Mzee akamjibu kwamba ziwa lile lina jina lake tayari.

Walionusurika hawakukaa mbali. Baada ya miaka michache walikuwa wamerudi, wakikata majani ya farasi wa hoteli, wakiuza samaki na vikapu, wakifua mashuka ya watalii. Kwa hiyo Watkins alipokuja walikuwapo. Kwenye vioo vyake vikubwa hawamo. Eadweard Muybridge, aliyekuja baada yake, aliwapiga, lakini katika zile picha pacha za bei nafuu, kama kitu cha ajabu cha pembeni. Mlima ulipewa kioo chake na wenyeji wakapewa chao, na mnunuzi hakulazimika kuwaweka pamoja. Kati ya 1916 na 1929 walialikwa hata kwenye sherehe za kila mwaka, wavae makofia ya manyoya na kukaa kwenye mahema ya makabila ya tambarare za mbali, kwa sababu hivyo ndivyo watalii walivyomjua Mhindi Mwekundu. Nyumba za kijiji chao cha mwisho bondeni zilibomolewa na kuchomwa mwaka 1969, katika mazoezi ya wazima moto.

Ukiziweka picha za Watkins pembeni mwa bonde la leo, tofauti inayoonekana kwanza si barabara wala hoteli. Ni miti. Kwenye vioo vya 1861 bonde ni la wazi, majani mapana, mialoni imeachana kwa nafasi, jicho linakwenda hadi kwenye mguu wa mwamba. Leo misonobari na mierezi imesongamana, na mahali pengi tulipokuwa tukitafuta pembe ya Watkins tulikuta ukuta wa kijani. Galen Clark aliiona hali hiyo ikianza. Mwaka 1894 aliwaandikia wasimamizi wa bonde kwamba alipofika mara ya kwanza mwaka 1855 uwanda wa majani ulikuwa mara nne ya ule uliobaki, na akaeleza kwa nini: wenyeji walikuwa wakichoma majani na kung'oa miche, ili mialoni izae na mawindo yapate malisho. Alipoondolewa mwenye kiberiti, msitu ulifunga.

Ndiyo kusema kwamba zile picha zilizowafundisha Wamarekani jinsi pori lisiloguswa linavyofanana zilikuwa picha za shamba la watu. Nililisema hilo kwa sauti na mpwa wangu akanikumbusha Serengeti kabla sijafika. Yeye hajasahau jiografia. Mwaka 1959 Wamaasai walihamishwa kutoka upande wa Serengeti kupelekwa Ngorongoro, na mwaka huohuo Bernhard Grzimek akatoa filamu yake juu ya Serengeti, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Sitaki kusema filamu ndiyo iliyowahamisha. Mipaka ilipangwa na serikali ya kikoloni. Nasema tu kwamba yule mtalii wa Ulaya aliyekuja baadaye na kushangaa kuona ng'ombe karibu na pundamilia alikuwa ameshaoneshwa, sebuleni kwake, pori lisilo na ng'ombe.

Muybridge, nikirudi kwake, hakuusubiri msitu umzibe. Katika miaka ya 1870 gazeti moja la San Francisco lilimsifu kwa kukata miti kwa wingi ili kamera yake ione vizuri. Kwa wakati wetu hilo lingekuwa kosa la kufungwa, ila siku hizi hifadhi yenyewe ina mpango wa kukata miti inayoziba mandhari, na picha za zamani ni miongoni mwa ushahidi wa nini kilikuwa kinaonekana kutoka wapi. Na wanachoma tena. Kuanzia miaka ya 1970 watunzaji wa Yosemite wamekuwa wakiwasha moto wa makusudi, mdogo na wa chini, majira ya baridi yanapokaribia.

Tuliukuta huo moto siku ya kuondoka. Kibao cha barabarani kilitangaza uchomaji uliopangwa, watu wa kofia ngumu walikuwa wakitembea pembezoni mwa moto usiofika magotini, na moshi ulikuwa umelala chini ya El Capitan. Dirisha la gari lililokuwa mbele yetu lilishuka, na mtalii akamuuliza askari wa hifadhi moshi ule utakwisha saa ngapi, maana amesafiri mbali na anataka picha. Askari akamwambia ajaribu kesho kutwa.

Mpwa wangu alipiga hivyohivyo, moshi na yote, akamtumia mama yake Korogwe. Kule ilikuwa usiku, lakini dada yangu halali mapema. Sauti yake ikafika kabla hatujatoka kwenye foleni: "Hapo pazuri. Nani anaandaa shamba chini ya jiwe hilo? Na mwambie mjomba wako afunge dirisha, kifua chake hakitaki moshi."